Kiti na Mwenyewe

Wenzangu mliolelewa upande wetu wa Jogoo Road mtanishuhudia: zamani hakukuwa na sherehe isiyo na mwenyewe. Ukisikia neno hilo likitajwa pale Makongeni, swali la kwanza lilikuwa "Ya nani?" na jibu lilikuwepo. Ya Mama Nekesa, mtoto wake anabatizwa. Ya Baba Atieno, amepandishwa cheo karakana. Ya Mzee Musyoka, anastaafu, anarudi Kitui. Ulipoingia ulijua ni nani wa kupewa mkono na kupongezwa. Siku hizi binti yangu Mwikali, ambaye amemaliza chuo juzi na bado anatafuta kazi, ananiambia, "Mathe, Sato niko sherehe." Namuuliza hiyo ya Jumamosi ni ya nani. Ananitazama kwa huruma. "Si ya mtu. Ni sherehe tu." Haya basi, sherehe tu. Mtu anatoka kwake, anaenda kushangilia mpaka sauti inamkauka, na hajui alikuwa anashangilia nini.

Msinione mama wa kulalamika. Nina sababu ya kulifikiria neno hilo mwaka huu, na sababu yenyewe ni mama yangu mzazi. Karibu nimpoteze. Si kwa ugonjwa, Mungu apishe mbali, bali kwa basi la Machakos: alikuwa amefunga mzigo akakae peke yake kule Mwala, katika nyumba ambayo haijawashwa moto tangu Baba afariki. Lakini niwaanzie mbali kidogo, kwa sababu bila Makongeni hamtaelewa alivyobaki.

Baba alikuwa dereva wa lori la reli, na sisi tulikaa katika chumba kimoja cha reli kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu wazazi, upande ule sisi watoto, na katikati ya usiku na asubuhi hakuna siri iliyowezekana. Laini yetu ilikuwa vyumba vilivyotazamana, na mfereji mmoja mwishoni ambapo akina mama walifulia na kupeana habari. Wakamba tulikuwepo, Waluhya walikuwepo, Wajaluo walikuwepo, na kila mtoto alijua kutukanwa kwa lugha zote. Mchana ilikuwa michezo ya kati, blada na brikicho, mpaka mama mmoja aite jina moja, na sote tuanze kunawa miguu kana kwamba tumeitwa sisi.

Sherehe ilianza kunusika siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Uliona akina mama wameketi mlangoni na uteo, wanachagua mchele, na hakuna aliyekuwa akichagua wa kwake mwenyewe. Mara unga wa ngano umeonekana. Mara Baba Atieno ametoa gramofoni nje anapangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani, na ole wako usogeze kidole karibu na ile sindano. Sisi watoto tulipoona hayo tuliacha michezo mingine tukacheza kalongolongo ya sherehe. Chapati za udongo, pilau ya mchanga, na mmoja wetu akichaguliwa kuwa mgeni wa heshima. Mimi nilipenda sana kuwa mgeni wa heshima. Kazi yake ilikuwa kuketi tu na kusema, "Asanteni, nimeshiba," huku wengine wanakubembeleza uongeze.

Na chapati yenyewe, jamani! Siku za kawaida sisi tulikula isyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya Kikamba, na jioni ugali kwa sukuma. Chapati ilikuwa ya sherehe. Ikipikwa kwa makaa mlango wa tatu, wewe uko mfereji unasugua sufuria, harufu inakufuata huko huko inakushika shingo. Mtoto wa siku hizi anakula chapati Jumanne mchana, bila sababu yoyote, tena anaiacha nusu kwa sahani. Nikimwona Mwikali wangu akiisukuma pembeni, moyo wangu unaruka.

Hata shuleni neno hilo lilitutesa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema siku moja, "Haya, fungueni mwisho wa kitabu, someni sherehe." Alimaanisha ile orodha ya maneno magumu na maana zake. Nekesa, rafiki yangu wa dawati moja, mtoto wa yule Mama Nekesa, akainama akaninong'oneza, "Chapati ziko ukurasa gani?" Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Mwalimu alimuuliza Nekesa ni nini kimechekesha, naye bila aibu akamwambia. Mwalimu naye akageukia ubao, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Sasa nije kwa viti, maana hapo ndipo penye habari yangu. Hakuna nyumba ya Makongeni iliyokuwa na viti vya kutosha wageni. Labda viwili, labda kimoja na debe. Kwa hivyo asubuhi ya sherehe watoto tulitumwa mlango kwa mlango, na tulifundishwa maneno ya kusema. Hukuruhusiwa kusema "Mama anaomba kiti." Ulisema, "Mama anaomba kiti na mwenyewe." Yaani ukitoa kiti, umealikwa. Hakukuwa na kadi, hakukuwa na ujumbe wa simu. Kiti kikitoka mlangoni mwako, wewe mwenyewe unakifuata baadaye, umeoga, umejipaka mafuta.

Kila kiti kilikuwa na alama yake upande wa chini. Cha Baba Atieno kilikuwa na msumari uliopindwa. Benchi la Mama Nekesa lilikuwa na tone la rangi nyekundu, iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. Chetu kilikuwa kigoda cha miguu mitatu ambacho Baba alikichonga mwenyewe kutoka gogo moja, kwa maana Baba aliendesha lori la reli lakini mikono yake ilikuwa ya kuchonga, kama ya babu yetu. Chini ya kigoda alichora ndege mdogo. Mtoto yeyote wa laini yetu angeweza kupindua viti vyote uwanjani na kukwambia kila kimoja kinalala wapi. Mama alitukagua kwa hilo kuliko alivyotukagua hesabu.

Kulikuwa na masharti mengine mawili, na hayakuandikwa mahali. La kwanza, kiti hakikurudishwa kitupu. Ulikibeba na juu yake sahani iliyofunikwa, chapati au nyama kidogo, hata kama mwenye kiti alikula akashiba mbele ya macho yako. La pili, mtu hakuhama Makongeni kiti chake kikiwa nje. Ukitaka kwenda zako, kusanya kwanza vyombo vyako, na kukusanya vyombo ni kuingia kila nyumba, kuketi, kunywa chai na kuulizwa kwa nini unaondoka. Wengi waliingia nyumba ya kwanza wakiwa wanahama, na walipotoka ya mwisho walikuwa hawahami tena.

Siku yenyewe mama yangu alikuwa mtu mwingine. Mwanamke mfupi, mpole, lakini sherehe ikifika sauti yake ilisikika mpaka mfereji. Alituambia sisi watoto, "Usimuulize mgeni kama ana njaa. Muulize kama amenawa." Mtu aliyepita njia tu, ameshika kilo ya sukari yake anaenda kwake, alinyang'anywa sukari ikawekwa pembeni, akaonyeshwa maji. Nilimwona mara moja akimketisha kijana aliyekuja kukata stima. Alikula pilau, akacheza isukuti na Waluhya mpaka kofia ikaanguka, na aliporudi wiki iliyofuata kukata, alibisha hodi kwa unyenyekevu sana.

Kisha kuna habari ya benchi la Mama Nekesa. Mumewe alifariki ghafla, na yule mama akafunga mlango. Alikwenda kazi yake ya kiwandani, eneo la Inda, akarudi, akafunga. Mferejini alikuja wakati hakuna mtu. Nekesa akaniambia huku analia kwamba watarudi Bungoma, mama yake ameshaanza kupanga vyombo kwenye gunia. Nililia naye. Mama yangu hakulia. Alitangaza sherehe, sijui hata ilikuwa ya nini, nafikiri ni mdogo wangu kuota jino, akanituma mlango ule uliofungwa: "Mama anaomba benchi na mwenyewe." Mama Nekesa alitoa benchi. Na kwa kuwa benchi lilitoka, ikambidi atoke.

Sherehe ikaisha, benchi likabaki kwetu. Nikamwuliza Mama, nilirudishe? Akasema, "Bado lina wageni." Wiki ikapita. Mama Nekesa mwenyewe akaja kuliulizia, akaketishwa juu ya hilo hilo benchi, akapewa chai. Akaja tena. Akaja tena. Mimi niliona ni uvivu wa Mama, na niliona aibu, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kurudisha viti anajua ni kosa. Walikuwa wanaketi pale mlangoni wanamenya njegere, wanacheka, na lile gunia la vyombo sikusikia tena likitajwa. Nekesa alimaliza shule pale pale Makongeni. Leo ana wajukuu Kayole.

Basi, miaka ikaenda. Mimi nikaolewa, nikahamia Tassia. Baba akastaafu, akafariki, na mwaka huu tukamtoa Mama Makongeni kwa sababu magoti yake yamechoka na mimi nilitaka kumwona kila siku. Alikuja na sanduku moja na kile kigoda cha ndege. Hakutaka kingine. Nilimpa chumba chenye dirisha, nikamnunulia godoro zuri, nikadhani nimemaliza kazi.

Ninyi mnaokaa fleti mnajua. Ngazi, mlango wa chuma, mlango wa chuma, mlango wa chuma. Majirani tunajuana kwa viatu tulivyoviacha nje. Mama alikaa sebuleni kwenye kigoda chake akiutazama mlango. Mwanzoni nilidhani anasubiri mtu. Nikamwuliza, "Mama, unangoja nani?" Akasema, "Yeyote." Wiki kwa wiki akaanza kuacha chakula. Nikimpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, anavyoupenda, anaonja vijiko viwili. Siku moja akanipasulia jipu.

"Mwende, tangu nije hapa sijasikia huu mlango ukigongwa ila na mtu wa takataka. Nipeleke Mwala."

"Mama, Mwala utakaa na nani? Mlima ule, maji yako mbali, magoti hayo..."

"Kule hata mbuzi wa watu wanaingia bila hodi," akasema. "Nipeleke."

Nililia chumbani, sifichi. Nilijua akienda kule na yale magoti, nitaitwa siku moja na jirani, na haitakuwa kuitwa kwa heri. Lakini mama yangu akisema jambo mara ya pili, haliongezwi la tatu. Alifunga sanduku akaliweka kando ya mlango. Mimi na Baba Mwikali tukapanga kwenda Mwala Jumamosi moja kutengeneza paa na kufagia, ili Jumamosi inayofuata tumpeleke. Tukamwacha na Mwikali. Wale wawili ni wajina, nilimwita binti yangu jina la mama yangu, na mzee humwita hivyo hivyo, "Wajina."

Sasa Wajina wa pili, alipoona wazazi tumeondoka, akafanya wanavyofanya vijana. Akaita marafiki. "Keja iko free, kujeni sherehe," yaani nyumba haina wazazi. Alidhani nyanya yake atalala chumbani mchana kutwa. Haya yote nilisimuliwa baadaye na Mwikali mwenyewe, kwanza kwa woga, kisha kwa kujisifu.

Saa nane mchana mlango ukagongwa. Mwikali anasema hajawahi kumwona Susu akisimama kwa kasi vile. Susu ndivyo anavyomwita bibi yake, kwa Kikamba. Susu alifika mlangoni kabla yake, akafungua, akakuta vijana wamejaa kwenye ngazi, suruali zimechanwa magotini, spika mkononi, na mifuko ya karatasi inayolia chupa ikigongana na chupa.

"Karibuni, karibuni! Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Brayo, Shosh."

"Sijauliza jina. Nimeuliza wa nani."

Brayo akakuna kichwa, akasema yeye ni wa Mama Brayo, wa Donholm, lakini kwao ni Butere. "Aa, Mluhya!" Susu akampa mkono tena, upya. Mmoja mmoja aliwapitisha hivyo hivyo mlangoni, na kila aliyetaja kwao alishikwa mkono mara mbili. Chupa aliziona. Mwikali alitamani ardhi ipasuke. Susu akaipokea mifuko yote, akaipanga juu ya kabati vizuri, akasema, "Hivi mtakunywa mkishakula. Mmenawa?"

Hawakuwa wamepanga kula, maskini. Walikuwa wamekuja na krisps. Susu akatoa unga wangu wote, akawafunga leso viunoni, wavulana kwa wasichana, akawapanga: huyu kanda, huyu sukuma, huyu geuza. Brayo chapati zake hazikuwa na umbo lolote linalojulikana, lakini ziliisha. Ndengu zikawekwa motoni. Na ilipofika kuketi, viti vikawa havitoshi, wengine wakajiegemeza ukutani na sahani mkononi. Susu akagoma.

"Watu hawali wamesimama hivi kana kwamba wanangoja gari. Nendeni kwa majirani. Mkaombe kiti na mwenyewe."

"Susu, huku watu hawajuani," Mwikali akamwambia.

"Ndiyo nawatuma."

Nikifikiria wale watoto wakipanda na kushuka ngazi zetu na leso viunoni, unga mpaka kwenye nyusi, wakigonga milango ya chuma, nacheka peke yangu. Ghorofa ya tatu walidhaniwa wanauza kitu. Ghorofa ya tano mtu aliwachungulia, akawaambia hahitaji wokovu. Lakini wakakazana. "Ni Susu wa mlango wa bluu, ana sherehe, anaomba kiti na mwenyewe." Na watu wakatoka! Yule bwana wa juu kabisa, ambaye mimi nimeishi chini yake miaka yote nikimsikia tu akikohoa, alishuka na kiti chake cha plastiki na kikombe chake mwenyewe. Mwangalizi wa jengo alikuja kuzima muziki, akanaweshwa. Mlango wa pili kutoka kwetu alitoka dada mmoja kijana, Mama Baraka, na kitoto mgongoni. Ametoka Busia, ana mume anayefanya kazi mbali, na nilikuwa sijawahi kuliona hata kovu lililo usoni mwake. Aliketi karibu na mama yangu, akala chapati kwa mkono mmoja, na mama yangu akampokea mtoto ili ale kwa miwili.

Walicheza. Spika ya vijana ilicheza mambo yao, na Mwikali anasema Susu aliomba wapunguze kidogo, kisha akawaonyesha mabega yanavyotikiswa Kikamba. Brayo naye akaonyesha isukuti aliyofundishwa na babu yake. Chupa zilikumbukwa jioni, zikanywewa kidogo tu, watu wameshiba.

Jioni viti vikarudishwa, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Viti vyetu vya Makongeni vilikuwa na msumari na tone na ndege. Vya Tassia vyote ni plastiki nyeupe, ndugu wa tumbo moja. Vijana walivirudisha wanavyojua wao. Kiti cha ghorofa ya tano kikalala ya pili, cha mwangalizi kikaenda juu, na kimoja chenye mguu ulioungwa kwa waya kikaachwa kwa mtu aliyetoa kizima.

Sisi tulirudi Jumapili, tumechoka, paa limetengenezwa, moyo wangu mzito. Sijavua viatu, mlango ukagongwa. Nikafungua, mama mmoja nisiyemjua. "Samahani, nilikuwa nauliza kama kiti changu..." Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka sebuleni, ile sauti ya zamani inayofika mpaka mfereji: "Karibu! Ingia uketi tukitafute." Akaingia, akanywa chai. Kabla hajaondoka, mwingine akagonga. Jumatatu wakaja. Jumanne wakaja, na sasa walikuwa wanakutana kwangu sebuleni, wanapindua viti, wanabishana, wanacheka. Yule bwana wa juu akagundua anatoka kijiji kimoja na mwangalizi. Kila mtu alikuwa ameanza kugonga milango ya wengine kutafuta chake. Mama alikula sahani nzima ya muthokoi na akaomba kuongezwa.

Nilimkaripia Mwikali. "Kwani hamkuweza hata kuweka alama? Nimekufundisha nini?"

"Tuliuliza, Mathe! Brayo alitaka kuandika namba za nyumba na kalamu. Susu alikataa. Alisema tuviweke popote, eti mwenyewe atakitafuta."

Mama yangu, akatae alama! Mwanamke aliyenikagua alama za viti kuliko hesabu.

Ijumaa viti vyote vilikuwa vimefika kwao. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Mwala. Alfajiri niliamka, nikapasha chai, nikaenda kumwamsha. Alikuwa ameshaamka, ameketi kitandani. Kitandani. Nikatazama pembeni, nikatazama sebuleni.

"Mama, kigoda chako kiko wapi?"

"Nimekiazima."

"Umemwazima nani, na tunasafiri leo?"

"Huyu Mama Baraka, wa mlango wa pili. Anaogesha mtoto ameinama mpaka mgongo unamuuma. Kile kinamtosha sawasawa." Akavuta leso yake mabegani. "Na yeye ni mtu wa kujifungia sana, yule. Nimemwambia asikirudishe upesi. Nitakuwa nakiulizia."

Nilisimama pale na kikombe. Mlango uliofungwa wa Makongeni ukanirudia, gunia la vyombo, wale wanawake wawili wakimenya njegere juu ya benchi ambalo mimi niliona aibu kwamba halirudishwi. Miaka yote hii nilidhani mama yangu alikuwa mvivu.

"Na Mwala?" nikauliza.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni hapa mjini. "Mwende, tangu lini mtu akahama kiti chake kiko nje?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamikia mbavu. Paa la Mwala litanyeshewa peke yake.

Nakubali, zamani zetu zilikuwa na ladha yake, na hakuna atakayenirudishia ile harufu ya chapati kutoka mlango wa tatu. Watoto wetu wamelichukua neno letu wakaling'oa mwenyewe, wakabaki na spika na krisps. Lakini ni hao hao waliopanda ngazi na leso viunoni kwa sababu mzee amewatuma, na hawakuona haya. Jumamosi iliyopita Mwikali aliniambia tena, "Mathe, leo kuna sherehe." Mdomo wangu ukafunguka kwa mazoea.

"Ya nani?"

"Ya Susu," akasema. "Baraka ameota jino. Tuko kwa Mama Baraka. Susu amesema uje na kiti."